Shajara ya gurami mkubwa: kutoka tangi la Seeb hadi birika la Barka

12 Januari 2020

Nimemnunua leo kwa riali 2 na baisa 500, duka la samaki wa mapambo hapa Seeb, karibu na Maskati, Oman. Nilikwenda kutafuta gurami wa lulu, wale wadogo wenye vitone vyeupe, nikarudi na huyu. Sentimita 7 toka mdomoni hadi ncha ya mkia. Nimempima akiwa bado ndani ya mfuko, kwa rula ya skuli ya binti yangu. Ana mistari myeusi ya wima iliyofifia, pua imechongoka, na chini ya kifua zinaning'inia nyuzi mbili ndefu anazopapasia kila kitu kabla hajakisogelea.

Muuzaji alisema atakua mpaka ukubwa wa kiganja, akanionyesha kiganja chake. Nimefika nyumbani nikasoma: *Osphronemus goramy*, hufika sentimita 70, na akitunzwa vizuri huishi miaka ishirini na zaidi. Binti yangu ana miaka saba. Samaki huyu anaweza kuwa hai siku ya harusi yake.

Sitamrudisha. Atakayemnunua baada yangu naye ataonyeshwa kiganja. Naanza kuandika leo ili kila makazi yake yawe tayari kabla mwili wake haujayahitaji.

Tangi la kuanzia: sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lita 180 hivi. Nililiendesha wiki sita bila samaki, nikitia amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kidogo kidogo mpaka vijidudu vya filta vikaweza kuimaliza ndani ya siku moja. Maji nyuzi 27.

9 Februari 2020

Kila baada ya dakika chache hupanda juu, hutoa midomo, hunyonya hewa, hushuka, kisha povu dogo hutoka pembeni mwa mashavu. Bi Mkubwa, mama yangu, alidhani anakata roho. Nikamweleza kuwa juu ya mashavu ana kiungo chenye mikunjo mingi, labirinti, chenye mishipa ya damu inayovuta hewa moja kwa moja. Ukimfungia njia ya juu, atakosa pumzi hata kama maji ni safi.

Commerson, Mfaransa aliyemchunguza samaki huyu Mauritius katika karne ya 18, alidhani kiungo hicho ni cha kunusia. Ndiyo asili ya jina *Osphronemus*, lenye mzizi wa Kiyunani wa neno kunusa. Lacepède alilichapisha mwaka 1801 na kosa lake, limebaki hivyo. Kwao hasa ni Java, Sumatra, Borneo, Malaya na bonde la Mekong. Wafaransa ndio waliomleta Mauritius kwa chakula, naye akaendelea hadi Réunion na Madagaska. Kumbe bahari yetu hii alishaivuka zamani.

Jambo la kurekebisha: tangi liko chini ya kiyoyozi. Hewa anayonyonya ni baridi na kavu ilhali maji ni ya vuguvugu, na jambo hilo huwadhuru samaki wa jamii hii. Nimeweka mfuniko wa kioo, nikaacha nafasi ya vidole vitatu kati yake na maji ili hewa pale ibaki na joto na unyevu. Mfuniko unazuia pia asiruke.

18 Aprili 2020

Maskati imefungwa tangu tarehe 10. Chakula cha vidonge kimebaki nusu kopo. Sentimita 11.

Nimejaribu njegere za kuchemsha zilizomenywa, tango, majani laini ya mchicha. Vyote amekula. Tende ameipenda kuliko vyote, lakini sukari yake ilichafua maji usiku ule ule, sitampa tena.

30 Agosti 2020

Sentimita 17. Mistari inaanza kufutika. Samaki wengine watatu waliokuwa naye tangini nimewahamishia kwa shemeji, kwa sababu alianza kuwakata mapezi ya mkia, na mmoja alikuwa anajibanza nyuma ya filta mchana kutwa. Ujana wao ndio huo: wakiwa wadogo hugombana, wakikomaa hupoa kwa walio wengi. Ninachokiona sasa ni tangi kuwa dogo kuliko hasira zake.

Nitrati, mabaki ya amonia vijidudu vikishaila, imefika miligramu 60 kwa lita ndani ya siku tano baada ya kubadilisha maji. Jinsi anavyokula ndivyo anavyotoa. Nimeshaagiza tangi kubwa.

6 Februari 2021

Tangi jipya limewekwa: sentimita 180 kwa 75 kwa 70, kioo cha milimita 12, lita 945 likijaa. Maji peke yake ni karibu tani moja, kwa hiyo mume wangu alisisitiza likae sebule ya chini, juu ya fremu ya chuma. Chini yake kuna tangi la filta lenye sponji na vijigurudumu vya plastiki ambavyo vijidudu hung'ang'ania. Nimehamisha sponji zote za zamani ili nisianze upya na amonia.

Samaki sentimita 24. Alikaa pembeni siku moja, bila kula. Siku ya pili alizunguka polepole akipapasa kioo chote kwa zile nyuzi, kona kwa kona, juu na chini, kama mtu anayeingia nyumba ngeni gizani. Siku ya tatu alikuja mbele nilipokaa kitini, akaganda, jicho moja likinitazama.

Upana wa 75 niliuchagua kwa hesabu: nataka samaki aweze kugeuka bila kukunja mwili hata akifika sentimita 45. Watu huuliza lita. Kwa samaki wa umbo hili, anayenenepa kwenda juu na pembeni, upana ndio wa kuulizia kwanza.

19 Julai 2021

Leo nusura nimuue.

Ilikuwa Arafa, nimefunga, nikaona nibadilishe maji mapema kabla ya pilika za sikukuu. Saa kumi na moja jioni nikatoa karibu lita 280, nikaingiza mpira wa maji ya bomba, nikatia dawa ya kuondoa klorini, nikaenda jikoni. Anayeishi Maskati anajua jinsi bomba la "baridi" linavyokuwa mwezi wa saba: tangi la juu ya paa limepigwa jua tangu asubuhi. Najua. Naoga maji hayo kila siku. Ila mkono ulizoea kufungua bomba bila kufikiri.

Binti yangu ndiye aliyepiga kelele. Samaki alikuwa amegeuka mweusi mwili mzima, mapezi ameyabana, anapanda kunyonya hewa kila sekunde tano au sita. Themomita ilisoma 32.4, maji ya bomba 43. Yalikuwa 28 nilipoanza. Samaki wa huko kwao 32 wanaiona, lakini kupanda nyuzi nne na zaidi kwa robo saa ni jambo jingine.

Sikutia barafu ndani. Nilijaza chupa sita za maji ya friji, nikazielea mbili mbili, nikaelekeza feni juu ya maji, nikafungua mfuniko nusu. Kufikia saa nne usiku maji yalirudi 29. Rangi yake ilirejea kwanza kichwani, ikashuka mgongoni, mkia mwisho. Futari yangu ilikuwa maji na tembe tatu za tende, nimekaa sakafuni mbele ya kioo.

Kuanzia kesho: mapipa matatu ya lita 120 yatakaa ndani, chumba cha stoo, yajazwe usiku na yatumike asubuhi. Mpira wa bomba hautaingia tena tangini toka Mei hadi Oktoba.

3 hadi 5 Oktoba 2021

Kimbunga Shaheen. Serikali imetoa mapumziko siku mbili, tumekaa ndani. Tarehe 3 mchana kutwa mvua, jioni kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa Batinah, na usiku mtaa wetu ukazimika umeme.

Umeme ukikatika samaki wengi hufa kwa kukosa oksijeni majini. Huyu hakunitia wasiwasi kwa hilo. Alipanda, akanyonya, akashuka, kama kila siku. Hofu yangu ilikuwa filta. Vijidudu vinavyokula amonia havina labirinti. Maji yakisimama juu yao vinaanza kufa baada ya saa chache, na umeme ukirudi pampu inamwaga tangini uozo wote.

Nilichofanya: nilizitoa sponji zote ndani ya filta nikaziweka tangini kwenyewe, kwenye maji mengi. Nikakata chakula kabisa. Kila nusu saa, kwa zamu na mume wangu, tulichota maji kwa jagi na kuyamwaga toka juu ili yachanganyike na hewa. Umeme umerudi baada ya saa 19. Amonia: sifuri. Nitriti: 0.25, nikabadilisha robo ya maji, kesho yake sifuri.

Barka kwa ami yake mume wangu maji yaliingia mpaka mlangoni. Watu wa Suwaiq na Khaburah wameumia zaidi yetu. Leo tumekwenda kusaidia kusukuma tope, na pale shambani ndipo nilipoliona birika la zamani la kumwagilia mitende, tupu, limepasuka ukuta mmoja. Nimelipiga picha tu.

21 Februari 2022

Amevunja hita. Alishtuka mlango ulipobamizwa, akajirusha, mkia ukaipiga. Swichi ya usalama ilijikata papo hapo, na hiyo ndiyo sababu nina samaki leo. Nimeweka hita mbili za titani ndani ya bomba la plastiki lililotobolewa, zikae kwenye tangi la chini asikofika. Sentimita 33.

13 Novemba 2022

Sentimita 37. Mistari imekwisha kabisa. Paji limeanza kutoa nundu, kidevu kimejaa, midomo mizito. Bi Mkubwa sasa anamwita Mzee, na nyumba nzima imefuata. Wathai humwita *pla raet*, samaki kifaru, kwa sababu ya hicho kichwa. Wavietnam humwita sikio la tembo, kwa umbo la mwili.

Anatujua. Mgeni akikaa sebuleni Mzee hubaki nyuma. Nikiingia mimi huja mbele, na nikivaa buibui hunijua vile vile. Anapokea jani mkononi kwa midomo tu, taratibu, halafu hulivuta kwa nguvu inayonishangaza mpaka leo.

Jirani yetu ni Mjava wa Purwokerto. Sote tunamwita Mbak, kama kwao anavyoitwa dada mkubwa. Alikuja kuleta mtoto kucheza, akamwona Mzee, akashika mdomo. "Gurame!" Baba yake alikuwa na bwawa la samaki hawa nyuma ya nyumba. Aliwalisha majani ya jamii ya magimbi, makubwa kama mwavuli, akiyatupa mazima juu ya maji, na asubuhi hubaki mishipa tu. Kwao ni samaki wa wageni na wa harusi. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu bila kusema, kisha akaniuliza kwa Kiarabu chetu cha mchanganyiko: "Dada, anageukia wapi?"

Nimepima tena usiku huu. Bado anageuka, lakini pezi la mkia linagusa kioo. Mwaka mmoja na nusu, labda miwili, tangi hili litakuwa limekwisha kazi. Nimefungua ile picha ya birika.

2 Desemba 2022

Nimekwenda kwa ami. "Ami, naomba birika lako la zamani, nalitengeneza kwa gharama yangu." Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, birika lile la mitende, si la samaki." Nikamwambia litabaki la mitende. Maji ya samaki yana nitrati, nayo ni mbolea; mitende itakunywa maji yale yale, yakiwa na nguvu zaidi. Akakubali kwa sharti moja: mitende isikose maji hata siku moja.

Vipimo: mita 5 kwa 4, kina 1.5. Maji yakikaa mita 1.3 ni lita 26,000.

Swali kubwa ni baridi. Watu hufikiri Oman ni joto tupu, na kiangazi kweli hewa hupita 45. Lakini Januari usiku Barka hushuka hadi 15 au 16, na gurami anataka maji ya 24 hadi 30. Nimeacha themomita yenye kumbukumbu ndani ya birika dogo la jirani, lililo wazi, niache ikae msimu mzima.

26 Februari 2023

Nimeichukua themomita. Maji ya chini kabisa: 18.4, alfajiri ya mwisho wa Januari. Siku 41 zilikuwa na alfajiri chini ya 20. Samaki huyu hapo haachi kula tu, kinga yake inalala, ukungu unamwanza kwenye mapezi. Hita za umeme kwa lita 26,000 sitaziweza.

Nilikuwa nimekaa ukingoni na daftari, nimekata tamaa, Bhai, kijana wa Kibangladeshi anayetunza shamba, akafungua pampu ya kisima kumwagilia. Maji yalitoka kwenye bomba yakifuka mvuke mwepesi kwenye ule ubaridi wa asubuhi. Nikaweka mkono. Nikaweka themomita: 30.5.

Maji ya chini ya ardhi hapa hayajui Januari wala Julai. Yamehifadhiwa na udongo kwenye joto la wastani la mwaka mzima. Baridi yatapasha birika, na kiangazi, jua likilipika birika hadi 35 na zaidi, maji yale yale yatalipoza. Wala hayatapotea, kwa sababu yanakwenda kwenye mitende iliyokuwa inayasubiri hata bila samaki. Kinachobadilika ni njia tu: badala ya pampu kumwagilia moja kwa moja, maji yapite kwanza birikani, yaingie upande mmoja, yatoke upande wa pili.

Nilipiga hesabu pale pale. Birika la nyuzi 19, pampu saa mbili kwa lita 6,000 kila saa, maji yakichanganyika na ya zamani yakitoka: yafika 23 hivi. Ukilifunika kwa plastiki usiku, hayatashuka mpaka 19 hata hivyo.

Machi hadi Desemba 2023

Kazi zilizofanyika, kwa ufupi. Ufa umezibwa, ndani pakapakwa saruji ya kuzuia maji tabaka mbili. Birika lilijazwa na kumwagwa mara nne kutoa ukali wa saruji. pH ilianza 10.1, sasa 8.0. Neti ya kivuli juu nzima. Matao ya bomba na plastiki ya banda upande wa kaskazini. Bomba la kuingizia limetobolewa matundu, maji yanaanguka juu ya mawe kabla ya kuingia, kwa sababu maji ya kisima yana oksijeni kidogo mno na filta inaihitaji hata kama Mzee haihitaji.

Chumvi imenishughulisha zaidi. Pwani yote ya Batinah visima vimevutwa kupita kiasi kwa miaka mingi na bahari imeingia chini. Kisima cha ami kiko mbali kidogo na ufukwe, kinasoma maikrosimensi 2,400, kama gramu 1.5 za chumvi kwa lita. Gurami anavumilia, lakini si kwa ghafla. Maji yetu ya bomba ni ya bahari iliyosafishwa, mepesi kabisa. Lazima azoezwe.

Mlango wa kutokea una wavu wa chuma tabaka mbili, na nje yake kisanduku chenye wavu mwingine. Huyu ni samaki mgeni. Asiingie wadini, kwenye mabonde ya maji ya mvua, kwa njia yoyote, yeye wala yai lake.

20 Aprili 2024

Tulikuwa tuhame baada ya Idi. Mvua ya katikati ya mwezi imezuia. Mawadi yamejaa, watu wamepoteza maisha, hakuna aliyekuwa na moyo wa jambo jingine. Birika limefurika hadi sentimita 9 toka ukingoni. Laiti Mzee angekuwamo, angeweza kuruka. Bhai ameongeza safu mbili za matofali na neti ya pembeni.

Nyumbani, wiki ya pili ya kumzoeza: kila siku madumu manne ya maji ya kisima tangini. Tangi linasoma 1,900. Anakula.

26 Aprili 2024, Ijumaa

Amehama.

Tangu jana asubuhi hakula, ili asichafue maji ya safari. Sentimita 43. Nyavu nilizikataa, samaki wa kilo mbili akipigana wavuni hupoteza magamba, na penye gamba lililotoka ndipo ukungu huingilia. Bi Mkubwa alitoa kanga, moja kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Tuliilowanisha, mimi na mume wangu tukaishika pembe nne ndani ya tangi, tukaipitisha chini yake polepole, tukaifunga juu ya macho. Gizani alitulia. Tukamwinua na maji yakichuruzika, mpaka sanduku la barafu la pikiniki, la lita 150, lililojazwa nusu tu.

Nusu tu, kwa makusudi. Samaki mwingine ungemjazia maji na kumpulizia oksijeni. Huyu alihitaji hewa juu yake, ya joto, na mfuniko usiobana. Tulizima kiyoyozi cha gari, madirisha juu, dakika 40 za njia. Binti yangu alikaa nyuma, mkono juu ya mfuniko, akihesabu kila aliposikia midomo ikinyonya. "Mama, thelathini na moja." Hapo tulikuwa tunakata kona ya kuingia shambani.

Birika 28.6, sanduku 28.1. Tulichanganya maji kwa kopo kwa saa nzima, kisha tukaizamisha kanga na kuifungua. Alibaki juu ya kanga kidogo, kama hajaamini, nyuzi zake zikigusa kitambaa. Halafu alikwenda. Alikwenda moja kwa moja mbele na hakuna kioo kilichomsimamisha. Miaka minne nimemtazama, sikuwahi kumwona akiogelea kwa kasi yake yenyewe.

Alipotea upande wa kivuli. Ami alisimama na fimbo yake, akasema, "Haya, sasa ni wa shamba."

9 Mei 2024

Siku kumi na tatu hajanijia. Anakula usiku, majani ya magimbi na matembele yanabaki mishipa, kama alivyosema Mbak.

22 Mei 2024

Amekuja. Nilikaa ukingoni na jani la mpapai, miguu majini.

17 Agosti 2024

Hewa 46. Maji juu 32.8, chini 31.2, pampu ikifunguliwa alfajiri na magharibi. Birika la jirani lisilo na kivuli 36.5. Mitende imezaa vizuri, ami anasema ni ya maji ya Mzee. Ni mwaka mmoja tu, sitalidai hilo.

2 Februari 2025

Baridi ya kwanza imepita kilele. Alfajiri ya chini kabisa ilikuwa 21.9, siku tatu tu chini ya 22. Bhai aliamka kila siku saa kumi na moja kufungua pampu na hakukosa hata moja; tumeongeza kitu kwenye mshahara wake na ni haki yake. Mzee alipunguza kula siku zile, lakini hakuugua. Sentimita 47.

11 Machi 2025

Duka moja limenipigia simu. Mteja amerudisha gurami wa sentimita 34 aliyekuzwa kwenye tangi la mita moja. Nimekwenda kumwona. Mapezi yamelika, uti umepinda kidogo karibu na mkia, rangi ya majivu. Shina la pezi la kifuani ni jeusi. Kwa Mbak hiyo ni alama ya jike. Nilimweka juu ya sponji iliyolowa: mkia ulilala bapa. Dume huupiga juu, asema Mbak, ndivyo baba yake alivyowachagua.

Nimemchukua. Tangi la sebuleni, lililokuwa tupu, limepata mwenyewe. Wiki sita za karantini, na za kupona.

25 Aprili 2025

Jike yuko birikani, nyuma ya neti ya kugawanya. Mzee alikuja kwenye neti dakika ya kwanza na amekaa hapo tangu asubuhi.

16 Mei 2025

Neti imetolewa. Kulikuwa na kufukuzana saa moja, gamba moja limetoka. Jioni walikula jani moja, kila mmoja upande wake. Uti wa jike hautanyooka, lakini anaogelea bila kuyumba.

14 Juni 2025

Kule Java wafugaji huweka birikani kikapu cha mianzi chenye umbo la koni, na juu yake nyuzi nyeusi za mnazi wa sukari, *ijuk*. Dume huzivuta na kushindilia ndani, akatengeneza kiota cha mviringo. Hapa *ijuk* hakuna. Ila kila mtende wa shamba umejifunga nyuzi shinani, Waarabu huziita *lif*, na Bi Mkubwa alipoziona alisema, "Hiki si kilifu?" Ndicho, ndugu yake kilifu cha mnazi wa kwetu. Bhai alikata mzigo, tukauchemsha, tukauning'iniza juu ya maji wiki iliyopita. Kikapu tumekisuka kwa makuti.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nyuzi zote za upande wa kulia hazipo. Mzee alikuwa na shungi mdomoni. Alilibeba hadi kikapuni, akalisukuma ndani kwa kidevu, akarudi nyuma, akalitazama, akalisukuma tena. Jike alikaa chini yake, mbali kidogo. Ndani ya kikapu kuna kitu cha ukubwa wa nazi iliyofuliwa.

Mayai yao yana mafuta, na Mbak anasema ukiona duara la mafuta juu ya maji usawa wa kiota, wametaga. Nimelala kifudifudi ukingoni nikitazama dhidi ya mwanga. Hakuna mafuta. Maji 30.1. Nimemwambia Bhai asifungue bomba la upande ule mpaka Jumatatu, mitende ipewe kwa bomba la pili, na kesho aongeze lif.